Kukompaili Poppler kwa ajili ya kusaka hitilafu: mwongozo kamili kwa wenye kompyuta ya kawaida Kigoma

Ukizunguka steshenari za Mwanga mjini Kigoma utaona kwamba kazi kubwa ya siku ni PDF. Fomu za udahili, taarifa za benki, vibali vya mzigo wa dagaa, barua za uhamisho, vyeti vilivyoskaniwa kwa simu. Mteja anakutumia faili kwa WhatsApp, unalifungua, na kisomaji kinajifunga chenyewe. Unalifungua tena, kinajifunga tena. Jibu la kawaida ni kumwambia mteja faili ni bovu, akaombe jingine. Kwa aliyetoka Kakonko au Buhigwe, "kaombe jingine" maana yake ni nauli ya kwenda na kurudi, pengine na kulala mjini.

Mara nyingi faili kweli lina kasoro. Lakini programu iliyoandikwa vizuri haitakiwi kuanguka kwa sababu ya faili lenye kasoro. Inatakiwa iseme "sikuweza kusoma ukurasa wa 7" na iendelee na kurasa nyingine. Ikianguka, kuna mstari fulani ndani ya msimbo wake ambao haukujiandaa. Kwa programu huria, mstari huo unaweza kuuona kwa macho yako, ukiwa umekaa Mwanga, Gungu au Ujiji, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwongozo huu unatumia Poppler. Ndiyo injini ya PDF iliyo ndani ya Evince na Okular, visomaji vya PDF vya Linux, na ndiyo inayoleta amri kama `pdftotext` na `pdftoppm`. Ilianza mwaka 2005 kutoka kwenye msimbo wa Xpdf 3.0, imeandikwa kwa C++, na leseni yake ni GPL, leseni ya programu huria. Nimeichagua kwa sababu tatu: inagusa kazi yetu ya kila siku, si kubwa kupita kiasi, na ukiijua hii, programu nyingine nyingi zinazotumia CMake, zana ya kupanga ujenzi wa programu, utazikompaili (yaani kugeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeshwa) kwa njia hiyo hiyo. Amri zote ni za Ubuntu 24.04. Anayetumia Windows anaweza kuzifuata ndani ya WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows.

Kwanza, hakikisha anayeanguka ni nani

Watu wengi huanza kukompaili kabla hawajajua tatizo liko wapi. Evince ikianguka, kosa linaweza kuwa la Evince yenyewe, la Poppler, au la Cairo, ambayo ndiyo Evince huitumia kuchora ukurasa. Okular kwa kawaida huchora kwa njia nyingine iliyomo ndani ya Poppler, inayoitwa Splash. Kwa hiyo jaribu njia zote mbili kwenye terminali:

```
sudo apt install poppler-utils
pdftoppm -r 72 -png faili.pdf /tmp/splash
pdftocairo -r 72 -png faili.pdf /tmp/cairo
pdftotext faili.pdf /tmp/maandishi.txt
```

`pdftoppm` inatumia Splash, `pdftocairo` inatumia Cairo. Zote zikianguka, tatizo liko kwenye kusoma faili, yaani kwenye kiini cha Poppler. Ikianguka `pdftocairo` peke yake, tatizo liko kwenye uchoraji wa Cairo. Kama hakuna inayoanguka ila Evince inaendelea kujifunga, acha Poppler, nenda kachunguze Evince. Dakika chache hapa zinakuokoa na usiku mzima wa kukompaili kitu kisichohusika.

Halafu tafuta ukurasa wenye shida. Swichi `-f` na `-l` zinataja ukurasa wa kuanzia na wa kuishia:

```
pdftoppm -f 1 -l 10 -r 72 -png faili.pdf /tmp/jaribu
```

Gawa nusu kwa nusu mpaka ubaki na ukurasa mmoja. Kama kila ukurasa unaangusha, hata wa kwanza, basi programu inakufa mapema, ikiwa bado inasoma muundo wa faili. Hilo nalo ni jibu. Nakili faili lenyewe kwenye folda yake, mfano `~/majaribio/fomu.pdf`, na usiliguse tena. Kila jaribio kuanzia hapa litumie nakala hiyo hiyo.

Mwisho, andika toleo ulilonalo:

```
pdftotext -v
apt policy libpoppler-dev
```

Ubuntu 24.04 ilitoka na Poppler 24.02.0, Ubuntu 22.04 ilitoka na 22.02.0, na Debian 12 ina 22.12.0. Namba hiyo ni muhimu, kwa sababu unachokwenda kukompaili lazima kiwe toleo lile lile lililoanguka. Wengi hukimbilia toleo jipya kabisa, faili linafunguka, wanafurahi, na hawajui kilichobadilika ni nini. Toleo jipya tutalijaribu, ila baadaye, na kwa sababu maalumu.

Kupata msimbo bila kumaliza bando

Hapa kuna njia tatu, na tofauti yake kubwa ni MB.

Njia inayokupa kile kile kilichoanguka, pamoja na viraka (marekebisho ya msimbo) vyote ambavyo Ubuntu imeongeza, ni `apt source`. Kwanza ruhusu pakeji za msimbo:

```
sudo sed -i 's/^Types: deb$/Types: deb deb-src/' /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources
sudo apt update
sudo apt install build-essential
mkdir -p ~/kazi && cd ~/kazi
apt source poppler
```

Angalia hiyo `apt update`: inashusha orodha za msimbo wa pakeji zote za Ubuntu, na orodha hizo zinaweza kufika makumi ya MB. Kama unatumia bando la usiku, ifanye saa hizo. Amri ya mwisho haihitaji `sudo`, na isiwe nayo. Msimbo unaoufanyia kazi uwe mali yako, ndani ya folda yako.

Kama bando ni dogo kweli, shusha fungu la msimbo moja kwa moja kutoka poppler.freedesktop.org. Faili la `poppler-24.02.0.tar.xz` ni MB 2 hivi tu. Unakosa viraka vya Ubuntu, lakini kwa hitilafu nyingi haitaleta tofauti:

```
wget https://poppler.freedesktop.org/poppler-24.02.0.tar.xz
tar xf poppler-24.02.0.tar.xz
```

Njia ya tatu ni Git, zana ya kutunza mabadiliko ya msimbo, ambayo inaleta historia. Kwa sasa hatuihitaji. Ukiitaka, chukua tagi moja tu, yaani alama ya toleo moja:

```
git clone --depth 1 --branch poppler-24.02.0 https://gitlab.freedesktop.org/poppler/poppler.git
```

Kwa njia mbili za kwanza, kabla hujagusa herufi hata moja ya msimbo, hifadhi hali yake ya asili:

```
sudo apt install git
cd poppler-24.02.0
git init && git add -A && git commit -m "asili"
```

Git ikikudai jina na barua pepe, ipe kama inavyoelekeza kisha rudia. Baada ya hapo, lolote utakalobadilisha linaonekana kwa `git diff`, na ukitaka kurudi mwanzo unarudi. Kwa mtu anayesaka hitilafu, utulivu huo una thamani kubwa.

Maktaba zinazohitajika, na zile za kuacha

Miongozo mingi itakuambia uandike `sudo apt build-dep poppler`. Ni amri sahihi, ila inaleta kila kitu ambacho Ubuntu hutumia kutengeneza pakeji zote za Poppler, pamoja na Qt nzima (maktaba ya kutengenezea madirisha), ambayo hatuihitaji. Ukiijaribu, soma kwanza ukubwa inaotaka kushusha kisha jibu `n`. Utaona mwenyewe kwa nini nakupeleka njia nyingine.

Sisi tunataka kiini na amri za terminali tu:

```
sudo apt install build-essential cmake pkg-config gdb libfreetype-dev libfontconfig-dev \
  libjpeg-dev libopenjp2-7-dev liblcms2-dev libtiff-dev libpng-dev
```

Kama majaribio ya mwanzo yalionyesha kwamba mkosaji ni njia ya Cairo, ongeza `libcairo2-dev`. Vinginevyo iache.

Kupanga ujenzi

Hapa ndipo ujenzi wa kusaka hitilafu unapotengana na ujenzi wa kutumia. Programu inayokuja na Ubuntu imekompailiwa kwa `-O2`: kompaila imepangua msimbo, imefuta vigeu isivyovihitaji na kumeza fankisheni ndogo ndani ya kubwa ili programu ikimbie. Namba za mistari na majina ya vigeu navyo vimeondolewa ili faili liwe dogo. Programu kama hiyo ikianguka, GDB, zana ya kuchunguza programu ikiwa inaendeshwa, anakuonyesha anwani za memori na alama za kuuliza. Sisi tunataka kinyume chake: swichi `-g3`, inayobeba taarifa zote za mistari na vigeu, na kompaila isiyopangua kitu.

Kwa Poppler kuna jambo moja la kuangalia kwa makini. Aina ya ujenzi inayoitwa `debug` ndani ya mradi huu bado inabeba `-O2`. Ukiitumia utafika mbali, kisha utauliza thamani ya kigeu na GDB atakujibu `<optimized out>`. Aina unayoitaka inaitwa `debugfull`:

```
cmake -S . -B jenga-g \
  -DCMAKE_BUILD_TYPE=debugfull \
  -DENABLE_QT5=OFF -DENABLE_QT6=OFF -DENABLE_GLIB=OFF \
  -DENABLE_CPP=OFF -DENABLE_NSS3=OFF -DENABLE_GPGME=OFF \
  -DENABLE_LIBCURL=OFF -DENABLE_BOOST=OFF
```

`-S .` inasema msimbo uko hapa, `-B jenga-g` inasema matokeo yote yaende kwenye folda hiyo. Msimbo unabaki safi, na unaweza kuwa na folda mbili au tatu za ujenzi wa aina tofauti kutoka kwenye msimbo mmoja. Kila `OFF` ni sehemu tunayoiacha: Qt na GLib ni za visomaji vyenye madirisha, NSS na GPGME ni za sahihi za kidijitali, libcurl ni ya kusoma faili kutoka mtandaoni. Kama faili linaloanguka lina sahihi ya kidijitali, usizime NSS. Sakinisha `libnss3-dev` na uiache iwake.

CMake ikimaliza itatoa muhtasari. Onyo kuhusu data za majaribio kutoonekana lipuuze, hilo linahusu majaribio ya wasanifu wa mradi. Lakini ikisimama na ujumbe wenye `Could NOT find`, soma jina linalofuata. Ikisema `Freetype`, imekosa `libfreetype-dev`. Karibu kila mara dawa ni pakeji yenye jina hilo na mwisho wa `-dev`. Ukishaisakinisha, futa folda `jenga-g` na urudie amri, maana CMake hukumbuka majibu ya zamani.

Kukompaili kwenye kompyuta yenye RAM ndogo na umeme wa mashaka

```
cmake --build jenga-g -j2 2>&1 | tee ujenzi.txt
```

`-j2` maana yake faili mbili zikompailiwe kwa wakati mmoja. Kompyuta nyingi za mtumba tunazouziana hapa zina GB 4 za RAM, na C++ ina njaa ya memori. Usiandike `-j` tupu bila namba: hapo make, inayoendesha ujenzi, itafungua kazi nyingi kadiri itakavyoweza na kompyuta itaganda. Ukiona ujumbe huu:

```
c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus
```

msimbo hauna kosa lolote. RAM imekwisha, na Linux imeiua kompaila ili mfumo upumue. Punguza hadi `-j1`, funga kivinjari, na kama bado haitoshi, ongeza swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM:

```
sudo fallocate -l 2G /swapfile2
sudo chmod 600 /swapfile2
sudo mkswap /swapfile2
sudo swapon /swapfile2
```

Swapu hiyo itaondoka ukizima kompyuta. Ukishamaliza kazi kabisa, lifute faili lenyewe.

Umeme nao tuuzungumzie. Ukikatika katikati ya ujenzi na betri ya kompyuta imechoka, hujapoteza kazi yote. Rudia amri ile ile na ujenzi utaendelea kutoka ulipoishia, kwa kuwa faili zilizokwisha hazirudiwi. Tatizo ni lile faili lililokuwa linaandikwa wakati giza linaingia. Linaweza kubaki tupu, na kwa kuwa tarehe yake ni mpya, make inadhani limekamilika. Utajua wakati wa kuunganisha, linkeri ikilalamika `file not recognized` na kutaja faili lenye mwisho wa `.o`. Dawa ni hii:

```
find jenga-g -name '*.o' -size 0 -delete
cmake --build jenga-g -j2
```

Kama `.o` iliyotajwa si tupu bali imekatika katikati, ifute hiyo moja kwa jina lake na uendelee.

Ujenzi ukifika mwisho, amri ziko ndani ya `jenga-g/utils`. Usifanye `sudo make install`. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona kompyuta za ofisini zikivurugika kwalo: maktaba mpya inakaa `/usr/local/lib`, inaitangulia ya mfumo, na kuanzia hapo Evince ya kila siku inaendeshwa na Poppler ya majaribio iliyozimwa nusu ya uwezo wake. Toleo la kusakia hitilafu likae pembeni, liendeshwe kutoka folda yake.

Hakikisha linatumia maktaba yake lenyewe na si ya mfumo:

```
ldd jenga-g/utils/pdftoppm | grep poppler
```

Njia inayoonyeshwa lazima ianzie kwenye folda yako. Ikionyesha `/lib/x86_64-linux-gnu`, tangulize `LD_LIBRARY_PATH=$PWD/jenga-g` mbele ya amri.

Kuiangusha mbele ya GDB

Endesha kwanza bila GDB, uone kama bado inaanguka:

```
jenga-g/utils/pdftoppm -f 7 -l 7 -r 72 -png ~/majaribio/fomu.pdf /tmp/k
```

Isipoanguka, usikate tamaa. Inawezekana hitilafu inategemea mpangilio wa memori, na `-O0` (kompaila isiyopangua kitu, ndivyo `debugfull` inavyojenga) imebadilisha mpangilio huo. Hali hiyo ina zana yake, tutaifikia. Ikianguka, ingia:

```
gdb --args jenga-g/utils/pdftoppm -f 7 -l 7 -r 72 -png ~/majaribio/fomu.pdf /tmp/k
```

GDB anaweza kukuuliza kama uwashe debuginfod. Ni huduma inayoshusha taarifa za kusakia hitilafu za maktaba nyingine zote kutoka seva za Ubuntu. Kwa wenye intaneti ya uhakika ni msaada mkubwa, na wakati mwingine inatosha bila kukompaili chochote. Kwa anayetumia bando la simu, jibu `n`. Maktaba tunayoitaka tumeshaijenga wenyewe.

Kisha:

```
(gdb) set logging file ripoti.txt
(gdb) set logging enabled on
(gdb) run
(gdb) bt
```

`run` inaendesha mpaka programu ianguke. `bt` inaonyesha mfuatano wa miito: fankisheni gani iliita ipi, kuanzia `#0` palipovunjika kushuka hadi `main`. Soma kutoka juu, lakini usidhani `#0` ndipo penye kosa. Kama juu kuna `abort`, `raise` au majina yenye `pthread_kill`, hizo ni fankisheni za mfumo zinazotekeleza hukumu tu. Shuka mpaka mstari wa kwanza unaotaja faili la Poppler, mfano `poppler/Gfx.cc` au `poppler/XRef.cc`, pamoja na namba ya mstari. Kila ngazi ya orodha hiyo inaitwa fremu. Tuseme ni fremu ya 3:

```
(gdb) frame 3
(gdb) list
(gdb) info locals
(gdb) info args
(gdb) print *this
```

Hapa ndipo `debugfull` inapolipa gharama yake. Unaona msimbo wenyewe, vigeu vyote vya eneo hilo na thamani zake. Tafuta pointa (kigeu kinachoshika anwani ya memori) yenye `0x0`, yaani tupu, inayotumika kana kwamba ina kitu. Tafuta namba isiyo ya kawaida: urefu hasi, au upana wa picha wa mamilioni ya nukta kwenye fomu ya A4. Thamani kama hiyo ikionekana, panda fremu moja kwa `up`, uone ilitoka wapi, kisha panda tena. Kosa halisi mara nyingi liko ngazi mbili au tatu kutoka palipovunjika, pale ambapo namba ilisomwa kutoka kwenye faili bila kukaguliwa.

Kuna sura nyingine ya kuanguka ambayo PDF inaipenda. `bt` inatiririka maelfu ya fremu, fankisheni zile zile zikijirudia. Huo ni mzunguko: kitu ndani ya faili kinajitaja chenyewe, au viwili vinatajana, na programu inavifuata mpaka nafasi ya miito inajaa. Usisome zote. Andika `bt 15` uone za juu, na `bt -15` uone za chini kabisa, pale mzunguko ulipoanzia.

Zoezi kwa faili zima

Kama huna faili linaloangusha, au unataka kuzoea kabla ya kazi yenyewe, tumia PDF yoyote nzima. Ukurasa wa PDF ni orodha ya maagizo mafupi: `BT` inaanza maandishi, `Tf` inachagua fonti, `Tj` inaandika, `ET` inafunga. Ndani ya Poppler, kila agizo linapita kwenye fankisheni `Gfx::execOp`. Weka kituo hapo:

```
(gdb) break Gfx::execOp
```

GDB atasema hajaipata fankisheni hiyo na kuuliza kama asubiri maktaba ipakiwe. Jibu `y`. Hajaiona kwa sababu iko kwenye `libpoppler.so`, na programu bado haijaanza. Baada ya `run`, kila itakaposimama uliza:

```
(gdb) print cmd->getCmd()
(gdb) print numArgs
(gdb) continue
```

Utauona ukurasa ukijengwa agizo baada ya agizo. Bonyeza Enter kurudia amri ya mwisho. Kuruka mamia ya maagizo, andika `ignore 1 500` kisha `continue`. Na ukitaka kuingia ndani ya agizo moja, `next` inakwenda mstari kwa mstari, `step` inaingia ndani ya fankisheni, `finish` inakutoa. Nawaambia vijana wanaojifunza kwangu wakae na zoezi hili kwa muda, kwa sababu ndilo linaloondoa woga wa msimbo mkubwa. Huhitaji kuielewa Poppler yote. Unahitaji kujua pa kusimama.

Hitilafu isiyotaka kuonekana

Sasa ile hali ya programu inayoanguka ikiwa ya kawaida ila inatulia ikiwa ya kusakia hitilafu. Mara nyingi maana yake ni kwamba inaandika au kusoma nje ya eneo la memori ililopewa, na kuanguka ni bahati tu. Kompaila ina ukaguzi wake wa anwani za memori, unaoitwa AddressSanitizer. Jenga folda ya pili:

```
cmake -S . -B jenga-asan \
  -DCMAKE_BUILD_TYPE=debugfull \
  -DCMAKE_CXX_FLAGS="-fsanitize=address -fno-omit-frame-pointer" \
  -DENABLE_QT5=OFF -DENABLE_QT6=OFF -DENABLE_GLIB=OFF \
  -DENABLE_CPP=OFF -DENABLE_NSS3=OFF -DENABLE_GPGME=OFF \
  -DENABLE_LIBCURL=OFF -DENABLE_BOOST=OFF
cmake --build jenga-asan -j1
```

Endesha kama kawaida, bila GDB. Ikikuta kosa inasimama papo hapo na kutoa ripoti: `heap-buffer-overflow` ni kuvuka mpaka wa eneo, `heap-use-after-free` ni kutumia eneo lililokwisha kurudishwa. Kwa kosa hili la pili inakupa orodha tatu: mstari uliotumia, mstari uliorudisha, na mstari ulioomba eneo hilo mwanzo. Ukiwa na mistari hiyo mitatu umeshika mwanzo, katikati na mwisho wa kesi. Valgrind hufanya kazi inayofanana bila kukompaili upya, lakini hupunguza kasi mara kumi na zaidi, na kwenye kompyuta zetu hiyo inaumiza.

Kubadilisha msimbo na kujaribu

Fungua faili kwenye mstari ulioupata. Kama dhana yako ni kwamba thamani haikukaguliwa, weka ukaguzi na ujumbe wa kosa, halafu jenga tena kwa `cmake --build jenga-g -j2`. Safari hii ni faili hilo moja tu litakalokompailiwa, kisha kuunganishwa. Ukibadilisha faili la `.h` linalotumiwa na wengi, jiandae kungoja kidogo.

Jaribu na faili linaloangusha, kisha jaribu na PDF kadhaa nzima, ulinganishe matokeo na ya toleo la mfumo. Rekebisho linalozuia kuanguka kwa kukataa kila kitu si rekebisho. Ukiridhika:

```
git diff > rekebisho.patch
```

Sasa ndipo wakati wa kushusha toleo jipya la Poppler na kulijenga kwenye folda tofauti, ukijua swali lako ni lipi: je, mstari ule bado uko vile vile? Toleo jipya linaweza kudai CMake, kompaila au maktaba mpya kuliko ulizonazo. Likikukatalia, fungua msimbo wake kwenye kivinjari kupitia gitlab.freedesktop.org na usome faili husika. Kama limesharekebishwa, kazi yako ni kuwaomba watu wa Ubuntu walete rekebisho hilo kwenye toleo lao, kupitia Launchpad, tovuti yao ya kupokea ripoti za hitilafu. Kama bado, tiketi (ripoti ya hitilafu) inakwenda kwa mradi wenyewe huko GitLab.

Ripoti, na siri ya mteja

Tiketi nzuri ina toleo la Poppler na la mfumo, amri uliyotumia herufi kwa herufi, `bt full` kutoka `ripoti.txt`, na faili linaloangusha. Andika Kiingereza kifupi cha kawaida. Wasanifu wanataka namba za mistari, lugha ya mapambo haiwasaidii. Kama una kiraka, kiambatishe, hata kama una shaka nacho.

Faili ndilo la kufikiria mara mbili. PDF ya mteja ina jina lake, namba ya NIDA, namba ya simu, pengine salio la benki. Si mali yako kuiweka hadharani, na kuchora mstari mweusi juu ya maandishi hakuyaondoi ndani ya faili. Kata ukurasa unaoangusha peke yake:

```
sudo apt install qpdf
qpdf --empty --pages ~/majaribio/fomu.pdf 7 -- ndogo.pdf
```

Jaribu kama `ndogo.pdf` bado inaangusha. Wakati mwingine qpdf inanyoosha kasoro yenyewe inapoandika upya, na hapo una zawadi ya kumpa mteja leo leo: faili linalofunguka na kuchapika. Ikibaki inaangusha, pitisha `pdftotext` uone maandishi yaliyomo, na uangalie picha zake pia. Kama kuna taarifa za mtu, omba ruhusa yake, na ukipewa, fungua tiketi kama ya siri. GitLab ina kisanduku cha kuteua kwa ajili hiyo. Ukinyimwa ruhusa, tuma `bt full` na maelezo ya kasoro bila faili, baada ya kukagua kwamba vigeu vilivyochapwa humo havina jina la mtu wala namba zake. Kisanduku hicho kiteue pia pale AddressSanitizer inapoonyesha kuvuka mpaka wa memori, hata kama faili halina siri ya mtu, kwa kuwa hitilafu ya aina hiyo inaweza kutumiwa na wenye nia mbaya kabla rekebisho halijatoka.